Kioo Kisicho na Alama: Ni Nani Aliyetengeneza Shanga na Bilauri Zilizofika Maniema?

Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na wazee wa Salamabila

Nawashukuru walioandaa mkutano huu kwa kukubali kwamba jambo linaloonekana dogo lizungumzwe mbele ya watu wengi hivi. Vipande vya kioo ni vidogo kweli, vingine havifikii ukubwa wa punje ya mtama. Hata hivyo vimebeba sehemu ya historia yetu ambayo kwa sehemu kubwa haikuandikwa, na katika nchi inayochimbwa kila siku kama hii, sehemu hiyo inatoka ardhini na kupotea bila mtu kuitazama mara mbili.

Kusudi langu ni kujibu swali moja. Kipande cha kioo kikitoka katika udongo wa Kasongo au Kabambare, hakina jina wala muhuri, nacho kinang'aa rangi za upinde wa mvua ukikigeuza juani, tutamjuaje aliyekitengeneza? Jibu langu nalitanguliza ili mlipime ninavyoendelea. Rangi haitoshi kumtambulisha mtengenezaji, mng'ao hautoshi, na jina la msafiri aliyekibeba halitoshi kabisa. Kinachotosha ni mambo matatu yakikubaliana: alama zilizoachwa na kazi ya mikono, vitu vilivyoyeyushwa kupata kioo chenyewe, na karatasi za biashara zilizosalia. Matatu hayo yasipokubaliana, tunapaswa kutaja nchi au mji tu na kuishia hapo.

Tukumbushane kwanza vioo vilifikaje huku. Njia ya misafara ilitoka pwani, Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikaingia Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Shanga na nguo zilikuwa fedha ya njia hiyo. Richard Burton, ambaye kitabu chake juu ya nchi za maziwa kilitoka mwaka 1860, alikadiria aina 400 hivi za shanga zilizokuwa zikipokelewa, kila aina na jina lake, bei yake, na nchi iliyoipenda. David Livingstone alikaa Kabambare, mahali alipopaandika Bambarre, kwa vipindi virefu kati ya mwaka 1869 na 1871, na chakula chake kilitegemea shanga na nguo hizo hizo. Wala hazikuwa shanga peke yake. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya kamanda wao Dhanis yalipoiteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, daktari wao, Sidney Hinde, alikuta nyumba zina starehe za Ulaya, zikiwamo bilauri na chupa za kioo nyingi, naye akayaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1897. Hinde alituambia kwamba vioo vilikuwapo. Vilitoka tanuru gani, hakusema, na hakuwa na sababu ya kuuliza. Watafiti wakiongozwa na Noemie Arazi wamefanya kazi ya akiolojia Kasongo, wakachapisha matokeo katika jarida la Antiquity mwaka 2020, kwa hiyo swali hili si la zamani tu. Liko mezani leo.

Mtu atauliza kwa nini vitu hivyo havikuandikwa jina tangu mwanzo. Ushanga hauna mahali pa kuandikia. Bilauri inayo nafasi, lakini mwenye kiwanda aliandika pale tu alipolazimishwa au alipoona faida. Marekani ilipitisha sheria ya forodha mwaka 1890 iliyotaka bidhaa za nje zioneshe jina la nchi zilikotoka, na ndiyo sababu vioo vilivyopelekwa huko baada ya hapo mara nyingi vina jina la nchi chini ya kitako. Sheria hiyo haikuhusu mzigo ulioshushwa Zanzibar. Kwa hiyo kukosekana kwa alama hakutuambii kwamba kitu ni duni, wala kwamba ni cha kuiga. Kunatuambia tu kwamba hakuna aliyemtaka mtengenezaji ajitaje.

Hoja ya kwanza: mng'ao si saini

Naanza na mng'ao kwa sababu ndio unaovuta macho, na ndio unaopotosha watu wengi. Rangi za upinde wa mvua juu ya kioo zinaweza kutokana na mambo matatu tofauti kabisa, na kila moja linampeleka mchunguzi kwenye karne tofauti.

La kwanza ni udongo. Kioo kikilala miaka mingi katika ardhi yenye unyevunyevu, maji huvuta polepole magadi au potasi iliyomo ndani yake. Ngozi ya nje hubaki na silika iliyojipanga katika tabaka nyembamba mno, na nuru inayorudi kutoka tabaka moja hukutana na nuru inayorudi kutoka tabaka jingine. Rangi nyingine hupata nguvu, nyingine hufifia, nasi tunaona kijani, zambarau na dhahabu ambazo hazimo katika kioo hata kidogo. Mwanafizikia wa Uskoti, David Brewster, alizichunguza tabaka hizi katika karne ya 19. Mng'ao wa namna hii ni kazi ya maji na wakati. Hakuna fundi aliyeutia, kwa hiyo hakuna fundi tunayeweza kumtaja kwa ajili yake.

La pili ni ufundi wa makusudi. Wazungu walipoviona vioo vya Kirumi vilivyofukuliwa viking'aa hivyo, walitaka kuvipata vikiwa vipya. Kampuni ya Lobmeyr ilionesha vioo vya namna hiyo katika maonesho ya Vienna ya mwaka 1873. Kioo kikiwa bado cha moto kilifukizwa kwa mvuke wa chumvi za metali, hasa bati, na ukungu mwembamba ukashika juu yake. Kiwanda cha Loetz huko Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, kilipata sifa kubwa kwa kazi hii, na Mmarekani Louis Comfort Tiffany alisajili jina la biashara Favrile mwaka 1894. La tatu ni karibu na siku zetu: tangu miaka ya 1950 shanga na vito vya kioo hupakwa utando wa metali ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, na utando huo mara nyingi hufunika upande mmoja tu.

Sasa tuvitofautishe, na hapa vijana wa machimboni nawaomba mnisikilize vizuri, maana ninyi ndio mnaoviona kabla ya mtu mwingine yeyote. Tazameni mahali kipande kilipovunjika. Kama rangi zimepita juu ya mvunjiko, zimeingia katika mikwaruzo na zimejaa ndani ya tundu la ushanga, basi zilikuja baada ya kitu kuvunjika au kutumika, yaani zilikuja ardhini. Ngozi hiyo hubanduka kama maganda madogo ukiigusa, na chini yake kioo kina vishimo. Kama mvunjiko ni safi na rangi ziko juu tu, laini, zimelika pale ambapo mkono au ushanga wa jirani ulisugua, basi zilikuwapo tangu tanurini. Kama upande mmoja wa ushanga una rangi zote na upande wa pili hauna kitu, huo ni ushanga ambao Livingstone hangeweza kuubeba. Uchunguzi huu unahitaji jua la asubuhi na lenzi ya kukuzia, basi.

Hata tukishathibitisha kwamba mng'ao ulitiwa na fundi, bado hatujampata fundi mwenyewe. Bohemia ilikuwa na viwanda vingi vilivyofanya kazi ya kufanana na Loetz, kama vile Kralik na Pallme-König, na kwa miaka mingi wauzaji walikuwa wakikiita kila kioo kisicho na alama chenye mng'ao kwa jina la Loetz kwa sababu jina hilo lina bei. Baadaye wachunguzi walilinganisha maumbo na michoro ya ruwaza iliyosalia ya viwanda, na vipande vingi vikaondolewa kwa Loetz vikarudishwa kwa jirani zake. Tiffany naye amebandikiwa vitu ambavyo hakuvigusa. Sisi tusirudie kosa hilo huku. Mtu akikwambia bilauri ya babu yako ni ya fulani kwa sababu inang'aa, mwombe akuoneshe sababu ya pili.

Hoja ya pili: kazi ya mikono huacha alama

Namna kioo kilivyofanywa ni vigumu kuificha, kwa sababu kioo kikipoa hukumbuka kila kilichofanyiwa kikiwa laini. Chukueni ushanga. Ziko njia tatu kuu za kuufanya, na kila njia inaonekana.

Njia ya kwanza ni ya kuvuta. Huko Murano na Venice fundi alichota donge la kioo, akalitia hewa katikati, kisha mwenzake akalishika upande wa pili, nao wakaachana mbio, mmoja huku na mmoja kule, donge likirefuka kuwa mrija mwembamba wenye tundu. Mrija ulikatwa vipande vidogo sana, vipande vikapashwa moto tena huku vikizungushwa pamoja na unga uliozuia matundu yasizibe, kingo zikalainika. Wanawake wa Venice ndio waliozitunga nyuzini, mafungu kwa mafungu. Mama zetu mnaotunga shanga mnajua kazi hiyo ilivyo ya macho na subira. Ushanga wa namna hii hujulikana kwa viputo vyake: vimerefuka, vimelala sambamba na tundu, kwa sababu vilivutwa pamoja na mrija.

Njia ya pili ni ya kuzungushia. Ufito wa kioo uliyeyushwa kwenye taa ukazungushwa juu ya waya, ushanga mmoja mmoja. Hapo viputo ni mviringo au vinauzunguka ushanga, na mistari ya kioo inazunguka tundu. Njia ya tatu ni ya kalibu, iliyoshamiri Bohemia katika mji wa Jablonec, ambao Wajerumani waliuita Gablonz: kioo laini kilibanwa ndani ya koleo lenye umbo, na ushanga ukabaki na mshono mwembamba pale nusu mbili zilipokutana, na tundu lililo pana upande mmoja kuliko mwingine. Mtu anaweza kusugua mshono kwa jiwe, lakini tundu lenye umbo la pia hawezi kulinyoosha.

Hebu tuutazame kwa karibu ushanga mmoja ambao wazee wa njia ya misafara waliuita samisami. Kwa nje ni mwekundu kama marijani. Ukiutazama kwenye tundu, au ukikuta uliovunjika, ndani ni mweupe. Burton aliueleza hivyo hivyo, wekundu uliofunika weupe. Viputo vyake vimelala na tundu, kwa hiyo ulivutwa, na kuvuta kioo cha tabaka mbili kwa wingi namna ile ni kazi ambayo Venice iliimiliki kwa muda mrefu. Tumeshapiga hatua kubwa bila alama yoyote iliyoandikwa. Lakini angalieni: tumefika Venice, hatujafika mlangoni kwa mtu.

Kuna kundi jingine linalowachanganya hata wataalamu, shanga zinazofanana na kauri. Mwaka 1840 Richard Prosser alipata hataza Uingereza ya kutengeneza vifungo kwa kuubana unga mkavu wa udongo kabla ya kuuchoma, na Mfaransa Bapterosses aliuendeleza ufundi huo hadi kwenye shanga katika kiwanda chake cha Briare. Zina mkanda mdogo uliotuna katikati, na upande mmoja una vinyweleo kama ganda la chungwa. Atakayeziita za Venice amekosea nchi.

Hoja ya tatu: kilichoyeyushwa

Kioo ni mchanga, kitu cha kuulainisha, chokaa, na kitu cha kutia rangi. Kitu cha kulainisha ndicho kinachotofautisha nchi. Kwa karne nyingi Venice ilitumia majivu ya mimea ya pwani za mashariki ya Mediterania, yenye magadi, na majivu hayo huacha pia magnesi katika kioo. Bohemia, nchi ya misitu mbali na bahari, ilitumia majivu ya miti, yenye potasi. Waingereza tangu wakati wa mtengenezaji wa vioo Ravenscroft, miaka ya 1670, walitia risasi. Magadi ya kiwandani yalipoenea katika karne ya 19, magnesi ikapungua, na hiyo nayo ni tarehe kwa anayejua kuisoma. Vitu vya kuzuia nuru katika kioo cheupe vina zamu zao pia: bati zamani, kisha antimoni, kisha aseniki, na florini kuelekea mwisho wa karne ya 19.

Wekundu wa samisami unastahili tuutazame zaidi, hasa katika mji unaoishi kwa dhahabu ya Namoya. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 wekundu huo wa kupenya nuru ulipatikana kwa dhahabu, kiasi kidogo mno kilichoyeyushwa ndani ya kioo. Kuanzia miaka ya 1890 mafundi walijifunza kuupata kwa seleniamu, iliyo rahisi zaidi kwa bei. Macho hayawezi daima kutenganisha nyekundu hizo mbili, lakini mashine ya eksirei inaweza. Maana yake kwetu ni kubwa. Shimo lililo na ushanga wa seleniamu haliwezi kuwa limefunikwa kabla ya miaka ya 1890, yaani liko karibu na vita vya Kasongo au baada yake. Kinyume chake hakithibitishi kitu peke yake, kwa sababu ushanga wa dhahabu uliweza kurithiwa na mama, kisha binti, kisha mjukuu, kabla ya kuangukia ardhini.

Nasikia swali la haki: mashine hizo anazo nani hapa? Nakubali kwamba ziko mbali. Lakini si kila kipimo kinahitaji maabara, na Salamabila ina kifaa ambacho miji mingi haina. Mizani ya wanunuzi wa dhahabu hupima sehemu ndogo za gramu. Pimeni kipande cha kioo kikiwa hewani, kisha mkipime kikiwa kimening'inizwa kwa uzi mwembamba ndani ya maji. Uzito wa hewani mkiugawanya kwa tofauti ya vipimo viwili, mtapata uzani wake dhidi ya maji. Kipande cha gramu 10 kinachosoma gramu 6 majini kina uzani wa 2.5, na hicho ni kioo cha kawaida cha magadi na chokaa. Kikisoma gramu 6.7 uzani unakuwa 3 hivi, na hapo kuna risasi ndani. Shanga ndogo zipimwe nyingi za aina moja kwa pamoja, na hewa itolewe kwenye matundu. Vilevile taa ya kukagulia noti za dola, ile ya nuru ya zambarau, huufanya uwake kijani kikali ushanga wenye urani, rangi iliyoshamiri Bohemia tangu miaka ya 1830 kwa kazi ya familia ya Riedel, watengeneza vioo. Vipimo hivi havimtaji mtengenezaji, ila vinawaondoa wengi wasiohusika, na kuondoa ni nusu ya kazi.

Onyo moja linaunganisha hoja hii na ya kwanza. Eksirei ya mkononi husoma ngozi ya kitu. Ngozi iliyoliwa na udongo imeshapoteza magadi na potasi yake, kwa hiyo kipande kile kile kinachong'aa kwa uzuri ndicho kitakachodanganya mashine. Lazima isomwe sehemu iliyo nzima, kwenye mvunjiko mpya au chini ya ngozi.

Hoja ya nne: karatasi za biashara

Wauzaji wa shanga walitembea na kadi za sampuli, shanga zimeshonwa safu kwa safu na namba chini yake. Jumba la Makumbusho la Uingereza lina kadi za Moses Lewin Levin, mfanyabiashara wa London aliyeuza shanga Afrika, zilizoingia huko mwaka 1863. Murano na Jablonec zimeacha vitabu vya aina hiyo hiyo. Ushanga wa Kasongo ukilingana na sampuli kwa umbo, kwa rangi, kwa njia ya kufanywa na kwa mchanganyiko, tumeufikia mji wake na pengine miaka yake.

Lakini Levin hakuwa na tanuru. Alinunua na kuuza. Burton alipoutaja ushanga mkubwa ulioitwa sungomaji, aliuhusisha na Nuremberg, mji wa biashara, tena kwa alama ya kuuliza, nami namheshimu kwa alama hiyo. Mzigo ulipita Trieste, Marseille au Hamburg kabla ya kufika Zanzibar, na hati ya Hamburg ni ushahidi wa meli, si wa tanuru. Kosa lile lile tunalifanya sisi tunaposema shanga za Waarabu. Watu wa Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa misafara, walizibeba, wakazigawa, wakazifanya bei ya pembe na ya watu, na hilo wanapaswa kulijibu. Hawakuzitengeneza.

Mapingamizi

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni hili: fito za kioo zenyewe zilikuwa bidhaa. Tanuru kubwa za Bohemia ziliwauzia fito mafundi wa vijijini walioketi nyumbani na kubana shanga. Kwa hiyo kemia hutuonesha aliyeyeyusha, na mshono hutuonesha aliyefinyanga, nao wanaweza kuwa watu wawili wa mahali pawili. Nalikubali pingamizi hili kikamilifu. Halivunji hoja yangu. Linatulazimisha kuuliza maswali mawili badala ya moja, na kuandika majibu mawili. Zaidi ya hayo, mwaka 1898 viwanda 17 vya shanga za Venice viliungana kuwa kampuni moja, na tangu hapo swali la kiwanda kipi kwa shanga ndogo limekosa maana yake ya zamani. Mtu mwaminifu ataandika: Venice, baada ya 1898. Hilo ni jibu kamili.

Pingamizi la pili linasema Venice na Bohemia ziliigana kwa ajili ya soko la Afrika, basi hakuna kinachoweza kujulikana. Waliigana kwa sura, ni kweli, na ndiyo maana sura nimeiweka nyuma. Mwigaji wa Jablonec aliweza kupata rangi ya Venice, lakini aliendelea kutumia koleo lake na tundu lake, na majivu yaliyokuwa tanurini kwao.

La tatu husemwa kwa uchungu, nami silipuuzi: watu wana njaa, barabara ni mbovu, na sisi tunazungumza shanga. Nitajibu kwa ufupi. Kutojua kuna gharama yake. Kipande kisichojulikana huuzwa kwa bei ya takataka na mtu anayekijua, na historia ya Wabangubangu, Wabuyu na majirani zao huendelea kuandikwa kwa shajara za wasafiri peke yake. Hata shajara hizo zimehitaji jicho jipya. Kurasa ambazo Livingstone aliandika huku Maniema mwaka 1871 juu ya gazeti kuukuu, kwa wino wa matunda, zilikuwa hazisomeki tena hadi zilipopigwa picha kwa mawimbi tofauti ya nuru, zikachapishwa mwaka 2011. Kama karatasi iliyofifia imestahili juhudi hiyo, ushanga uliovaliwa na bibi zetu unastahili pia.

Yaliyo mbele yetu

Yako mambo tunayoweza kuyaanza kabla ya maabara yoyote kufika. Walimu wa sayansi wanaweza kufundisha uzani wa vitu kwa mizani ya dhahabu na vipande vya kioo, na wanafunzi watajifunza fizikia na historia kwa wakati mmoja. Wale wanaosoma Lubumbashi, Kinshasa au Bukavu wanaweza kuomba picha za kadi za sampuli zilizoko Ulaya, na kuuliza Jumba la Makumbusho la Tervuren lina shanga gani zilizotoka kusini mwa Maniema. Kipande kimoja chenye mahali pake kilipopatikana kina thamani kubwa ya kielimu kuliko kapu zima lisilojulikana lilikotoka. Simwombi mtu yeyote afukue kaburi, wala achimbe kwa ajili ya shanga. Nazungumzia vile vinavyotoka vyenyewe mashimoni, mashambani na mitoni baada ya mvua.

Kwa hiyo naomba shule moja hapa Salamabila ikubali kutunza kabati lenye kufuli na daftari. Aliye na kipande nyumbani asikioshe kwa sabuni, asikisugue kwa mchanga, asikipake mafuta ili king'ae zaidi. Akilete kama kilivyo, aseme kilitoka wapi, kilikuwa kwenye kina gani, na kilikuwa pamoja na vitu gani. Mwalimu aandike hayo pamoja na jina la aliyekileta, apime uzito, atazame tundu na mvunjiko, aandike alichokiona, na mahali pa mtengenezaji apaache wazi mpaka ushahidi utimie. Daftari hilo linaweza kufunguliwa leo, kabla hatujatawanyika.